Bhajia Sikupi

Ba, jirani yetu Mgujarati wa ghorofa ya chini, alinikuta kwenye ngazi. "Mwanangu, Jumamosi jioni karibu, tuna bhajan."

Masikio yangu huwa yanasikilizia tumbo. Yeye kasema bhajan, nyimbo za ibada za Kihindu; mimi nikasikia bhajia.

Jumamosi mchana sikula. Magharibi nikateremka na chupa ya chatne ya ukwaju mfukoni. Watu wameketi mkekani, harmonia inalia, matoazi yanagongwa. Nikajua wakimaliza tu, karai linabandikwa. Wakaimba saa nzima. Wakaanza ya pili. Kila wimbo ukitulia, tumbo langu linapokea kiitikio.

Ba akauona mfuko. "Nini hiyo?"

"Chatne, Ba. Ya bhajia."

Mzee wa harmonia alicheka mpaka kinanda kikakata pumzi.

Ningenyamaza yangeisha. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wangu ni asili za maneno. Nikasimama. Nikawaambia maneno haya ni ndugu! Sanskrit, lugha kongwe ya India, ina mzizi bhaj, kugawa. Umezaa bhaga, yaani fungu. Umezaa bhakti, yaani ibada, na hiyo bhajan yenyewe. Ukoo uleule ndio uliotoa bakht ya Uajemi, nasi pwani tukaifanya bahati. Hata bakshishi ni binamu yao. Basi bhajia, chakula cha kugawana, itakosaje kuwemo? Haya yote nayasema chupa nimeiinua juu, kama wakili mwenye kielelezo.

Kumbe Ba alisoma Sanskrit utotoni, huko Rajkot, India. Miaka sita ya ujirani, sikuwahi kuuliza.

"Bahati nakupa," akasema. "Bakshishi nakupa. Bhajia sikupi. Hiyo ni ya mzizi mwingine, bhrijj, kukaanga. Wewe mwalimu, kaa wa baharini na kaa la moto unawaita ndugu?"

Sasa walicheka hata watoto. Mmoja aliniigiza, kainua chupa ya maji.

Ba akaingia jikoni. Nikatega sikio nisikie mafuta yakichacharika. Kimya. Akarudi na sahani ya wali mweupe unaofuka moshi.

"Wa mzizi wako ni huu. Sisi twauita bhat. Zamani ulikuwa bhakta, kilichogawiwa. Haya, mwalimu, fungu lako."

Nikafungua chupa, nikaumwagia ukwaju wote, nikala huku wakianza wimbo mwingine.