Afande akirudi uraiani: je, kambi imemwandaa?

Kila uteuzi wa mstaafu wa jeshi unapotangazwa, watu hugawanyika pande mbili hata kabla mteule hajala kiapo. Upande mmoja unasema afadhali, sasa kazi itafanyika, wanajeshi hawana longolongo. Upande wa pili unauliza kama raia wamekwisha nchi hii. Jenerali Robert Mboma aliwahi kuongoza bodi ya TANESCO, George Waitara ya TANAPA, Davis Mwamunyange ya DAWASA, Venance Mabeyo ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Wote hao ni wakuu wa majeshi wastaafu, na kuwajadili ni rahisi kwa sababu majina yao yanajulikana.

Mimi nawaza zaidi juu ya sajinitaji anayerudi Tarime, Songea au Mbagala na kiinua mgongo chake. Anataka kufungua biashara, na kabla mwaka haujaisha majirani wameshamwomba awe mwenyekiti wa jambo fulani. Nionavyo, kambi imemwandaa kwa uongozi kuliko kwa biashara, na hata huo uongozi ni wa namna fulani tu.

Wanaomtetea katika biashara wana hoja nzito. Aliyekaa karakana ya jeshi miaka ishirini hangoji injini ilie ndipo abadilishe oili. Ana daftari, ana tarehe, spana zake zimehesabiwa jioni na asubuhi. Fundi wa namna hiyo akifungua gereji, wateja wanakuja wenyewe. Ni hivyo hivyo kwa muuguzi wa hospitali ya jeshi anayefungua duka la dawa, au fundi umeme, au mtu wa ujenzi. Hapa cheo hakina uzito kama fani: koplo wa karakana mara nyingi ana mtaji mkubwa wa maisha ya uraiani kuliko meja aliyekaa ofisini.

Lakini kikosini gharama si mzigo wa askari. Mafuta yanatoka kwa kibali, sare inatoka stoo, matibabu yapo, na mshahara hauulizi kama mwezi ulikuwa na wateja. Mtu anaweza kutumikia miaka ishirini na mitano kwa uaminifu mkubwa bila kupanga bei ya kitu chochote hata siku moja.

Tazama bodaboda, ambayo wastaafu wengi huanza nayo. Mzee ananunua pikipiki mbili na kuwakabidhi vijana kwa hesabu ya elfu kumi kwa siku. Wiki ya kwanza mambo safi. Kisha mvua inanyesha siku tatu mfululizo, abiria hawaonekani, kijana analeta elfu nne. Mstaafu anaona huo ni utovu wa nidhamu, anafoka, anataka maelezo. Kambini angekuwa na namna ya kumshughulikia. Mtaani kijana anaegesha pikipiki ukutani, anamwachia mama funguo, na kesho yuko kijiwe kingine na chombo cha tajiri mwingine. Tajiri aliyezoea kazi hiyo angemwambia alete alichopata, jua likiwaka atafidia. Huo si ulegevu, ni hesabu ya biashara, na hakuna gwaride linaloifundisha.

Mara nyingi mjasiriamali wa nyumba hiyo ni huyo huyo aliyeachiwa funguo. Mke wa askari amehama naye kota hadi kota akiuza vitumbua, vitenge, barafu na mkaa, akikopesha na kudai, akianza upya kila uhamisho unapotoka. Halafu kiinua mgongo kinaingia, na anayeshika usukani ni yule ambaye hajawahi kuuza. Sijui kwa nini semina za kustaafu zisimwalike mama kwanza.

Jambo hili lina ushahidi mkubwa kuliko pikipiki mbili. Novemba 2018, baada ya wakulima wa korosho kugomea bei za mnada, Rais Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa biashara, akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na akaliagiza jeshi likaibebe. Malori ya JWTZ yakashuka Mtwara na Lindi. Kubeba walibeba, na maghala yakajaa. Kazi ngumu ikaanzia hapo: nani ananunua, kwa bei gani, na mkulima analipwa lini? Uhakiki wa kuwasaka wenye kangomba, wale wanaonunua kwa kificho kutoka kwa wakulima wenye shida, ukawachelewesha hata wenye mashamba yao halali, na wapo waliosubiri fedha kwa miezi. Mkataba wa Januari 2019 na kampuni moja ya Kenya, wa kununua tani 100,000, haukuzaa kitu. Askari hawalaumiwi kwa hilo, kwani walitimiza walichotumwa. Ila zoezi lile lilionyesha wazi mahali ambapo amri inaishia na soko linaanza.

Uganda wanaweza kunipinga, na nitawasikiliza. Huko Jenerali Salim Saleh aliongoza mpango wa Operation Wealth Creation ulioanza 2013, maafisa wa UPDF, jeshi la nchi hiyo, wakasambaza miche, ikiwemo ya kahawa, na mbegu wilayani. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa ya miche kufika wakati wa kiangazi na kukauka kabla ya kupandwa. Pamoja na hayo, mauzo ya kahawa nje ya nchi yalipanda kutoka chini ya magunia milioni 4 ya kilo 60 mpango ulipoanza hadi zaidi ya milioni 6 mwaka 2020/21. Si jeshi peke yake lililofanya hayo, lakini kufikisha miche mamilioni vijijini ni kazi ya usafirishaji, na hiyo wanajeshi wanaiweza. Ukichunguza, hata mafanikio hayo yanaangukia upande ule ule: kupeleka kitu mahali, si kukiuza.

Kwenye uongozi wa jamii mizani inabadilika. Askari wetu anahamishwa: leo Tabora, kesho Monduli, keshokutwa Nachingwea. Anarudi nyumbani hana deni na ukoo wowote, hajashiriki ugomvi wa mipaka, pengine ameoa kabila jingine. Kijijini mtu wa namna hiyo ni adimu. Akiitisha msaragambo wa kuchimba mtaro wa maji, watu wanajitokeza saa moja asubuhi, na yeye yupo tayari na jembe lake. Fedha ya kikundi ikiwa mikononi mwake, hata wasiompenda wanalala usingizi.

Tatizo linaanza pale anapoulizwa maswali. Jeshini taarifa anapewa anayestahili kuipata, na mdogo haulizi mkubwa sababu. Kijijini sheria inataka kinyume chake. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mwenyekiti hawezi kugawa ardhi kwa kauli yake bila mkutano huo. Mstaafu ambaye hajaibia mtu hata senti anaweza kuliona swali la bibi mmoja kuhusu risiti kama tusi. Na wananchi nao wana lawama yao, maana wakishaanza kuitikia “ndiyo, afande” ukumbini, hakuna tena mkutano.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimhusu yeye bali sheria zetu. Enzi za chama kimoja askari walikuwa wanachama, na majeshi yalihesabika kama mkoa wa chama. Vyama vingi vilipoingia 1992, waliotaka siasa walivua sare, Jakaya Kikwete akiwa mmoja wao, aliyetoka na cheo cha luteni kanali. Tangu hapo ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama, ingawa kura anapiga. Kwa hiyo anastaafu akiwa hana rangi ya chama chochote, na hiyo ndiyo hazina yake kubwa mbele ya majirani. Lakini mgombea binafsi haruhusiwi, hata kwa uenyekiti wa kitongoji. Akitaka kugombea lazima achukue kadi, na siku anapoichukua nusu ya mtaa inamwona mtu wa upande ule.

Ndiyo maana sishangai kuona wengi wao wakiishia kwenye SACCOS, kamati za maji, kamati za shule, misikiti na makanisa, mahali ambapo hakuna anayeulizwa kadi. Kwenye vikao hivyo mweka hazina anasoma hesabu mbele ya wanachama, na afande anakaa benchi moja na yule bibi mwenye swali la risiti.