Shangazi yangu yuko hai, kwa wote mliopata ile skrinshoti

Kwanza kabisa, kwenye kile kikao cha ofisini sikulia. Huyu jamaa ninayekaa naye dawati la jirani ameshasambaza stori yake kwenye magrupu manne mpaka sasa hivi na kila grupu inaongezewa chumvi, kwenye la mwisho nimeambiwa eti nilipiga magoti. Sikupiga magoti wadau. Niliingia chini ya meza kutafuta waya, hayo ni mambo mawili tofauti na tutafika huko.

Mnaonifuata siku nyingi ugonjwa wangu mnaujua. Mgeni karibu, kaa hapo, kwa kifupi ni kwamba kuna kamera naisubiri. Sio kwamba sina, ninayo Fujifilm X-E2 ya mwaka 2013, megapikseli 16, inapiga picha safi tu ila hilo tusiliseme kwa sauti maana mke wangu yuko sebuleni. Ninayoisubiri ni mrithi wa X-Pro3, ya hawahawa Fujifilm. Hii familia ya X-Pro kitundu cha kuchungulia kiko kwenye kona ya kushoto, yani pua yako inabaki nje inapumua, sio zile za kitundu katikati unazimaliza siku skrini imejaa mafuta ya pua. Halafu mbele kuna kiswichi, ukikisukuma unaona dunia yenyewe kupitia kioo na fremu imechorwa juu yake, ukikisukuma tena inakuwa elektroniki. Mimi mtu mzima lakini kile kiswichi nikikikumbuka nasisimka.

X-Pro1 ilitangazwa Januari 2012. X-Pro2 Januari 2016. X-Pro3 Oktoba 2019. Hesabu ya darasa la tatu hiyo, kila miaka minne au pungufu wanashusha chuma, kwahiyo 2023 lazima. Nikafungua Excel nikaandika 2023 nikapaka kijani. Mwaka ukaisha. Nikafuta nikaandika 2024. Ukaisha. Nikaandika 2025 na alama mbili za kuuliza, na ile rangi nikaitoa.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia si ununue nyingine. Sasa unadhani ile Excel ilikuwa ya nini?

Kulikuwa na X100VI, hiyo ina kitundu cha aina ileile ninachokililia na megapikseli 40 na sensa iliyotulizwa isitikisike, ila lenzi haitoki, 23mm umezaliwa nayo utazikwa nayo, na ilivyotoka watu waliigombania kiasi kwamba kuipata nayo ikawa kazi ya kusubiri, sasa nisubiri huku ninasubiri? Kulikuwa na X-T5, megapikseli 40 pia, gramu 557, kamera ya mtu mwenye akili, ila kitundu kiko katikati na habari za pua nimeshawaambia. Nikon Zf nilikaa nayo kwenye orodha miezi, sura nzuri balaa, sensa kubwa, lakini gramu 710 ukishaweka betri na mimi nataka kitu cha kutembea nacho sio cha kufanyia mazoezi. Ricoh GR III gramu 257 na betri yake, inaingia mfukoni, ila kitundu hakuna kabisa. Leica Q3 niliiweka tu ili zingine zionekane za bei rahisi. Halafu Juni 2025 ikatangazwa X-E5, kitundu pembeni, megapikseli 40, gramu 445, dada kabisa wa hii niliyonayo, nikasema basi Mungu amenijibu, naangalia vizuri kitundu ni cha elektroniki tu. Kiswichi mbele kipo, ila ukikisukuma dunia yenyewe huioni. Nikarudi kusubiri.

Sasa ile Excel haikuwa na megapikseli na gramu peke yake. Ilikuwa na safu inaitwa NYUMBANI, yani nikinunua hii mke wangu nitamwambia nini. X100VI: "sema ni ya kuazima". Ricoh: "hamna haja ya kusema, inaenea kwenye soksi". Leica: "hama". Na ilikuwa na safu nyingine inaitwa SABABU, na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi.

Unajua Fujifilm wakitangaza kamera mpya wanarusha moja kwa moja kwenye intaneti, na kwangu mimi kila mara inaangukia siku ya kazi. Siwezi kuiangalia ofisini nimevaa hedifoni huku nasema yes kwa sauti. Kwahiyo siku hizo naumwa. Na mtu anayeumwa mara kwa mara inabidi aweke kumbukumbu, uongo bila kumbukumbu ni hatari, hilo ni jambo linalojulikana. Basi nikaandika. Tarehe 20 Februari 2024, wakati wanatoa X100VI: "mgongo". Tarehe 16 Mei 2024, ikatoka X-T50: "tumbo". Tarehe 14 Oktoba 2024 nilikuwa na uhakika wa asilimia mia kwamba ndio siku yenyewe, nikaona tumbo ni dogo kwa siku kama hii, nikaandika: "msiba, shangazi, siku 2". Wakatoa X-M5. Ka-kamera kadogo, kitundu hakana hata cha bahati mbaya. Shangazi wa watu nimemzika bure. Kwa hasira nikaongeza pembeni: "SHANGAZI KASHATUMIKA, ASIRUDIWE". Na tarehe 12 Juni 2025, X-E5: "macho mekundu (bora kuliko zote, hakuna anayekusogelea)".

Faili lenye mambo kama hayo huwezi kuliita Kamera. Mke wangu hiyo kompyuta anaigusa. Nikalitafutia jina ambalo hakuna binadamu atalifungua kwa hiari yake, nikaliita Ripoti ya Robo ya Pili.

Mnaona inakoelekea.

Mwezi huu bosi akaniambia wewe ndio utawasilisha ripoti ya robo ya pili. Nikaiandaa vizuri tu, siku tatu, grafu na rangi zake. Nikaihifadhi. Sasa wewe niambie, mtu mwenye akili timamu ripoti ya robo ya pili angeiita jina gani?

Juzi Jumanne. Kikao cha mtandaoni, watu 23, matawi yote, kila mtu kwenye dawati lake. Mimi nina skrini mbili, ile kubwa ya kushoto ndio niliyowaonyesha watu, yote nzima, na maelezo yangu ya kusoma nimeyaweka kwenye kompyuta ndogo kulia. Macho yangu yako kulia. Hili mlishike. Nimekaa kwenye kile kiti kizuri cha kuegemea ambacho ofisi ilininunulia Machi 2024 kwa ajili ya mgongo wangu. Nikafungua faili huku nasalimia watu, nikaona kwa pembeni ya jicho vimistari na virangi, nikajua ndio lenyewe. Excel zote kwa pembeni ya jicho zinafanana.

Nikaanza. Nilikuwa vizuri jamani, nilikuwa na sauti. Nikasema kama mnavyoona, mwanzoni mwa mwaka jana tulianza kwa maumivu. Na kwenye skrini, mstari wa kwanza, mgongo. Nikasema lakini kufikia mwezi wa tano hali ilikuwa bado haijatulia. Tumbo. Kwa upande wa kioo namuona huyu jamaa yangu amesimama ananipungia mikono yote miwili kama mtu anayeongoza ndege itue, nikadhani ananipa hongera, nikamwonyesha dole gumba. Ujumbe alituma saba, nimekuja kuzisoma baadaye, wa kwanza "kaka skrini" na wa mwisho ni herufi A peke yake kama 40, lakini nilikuwa nimezima taarifa zote ili nisionekane mshamba kwenye kikao.

Kikao kizima kimya. Mimi nikajua wamekolea.

Nikaendelea, na hii sentensi iko kwenye maelezo yangu mpaka leo, inahusu vyanzo vya fedha, nikasema "kuna vyanzo ambavyo tulishavitumia mwaka jana na hatuwezi kuvirudia tena." Bosi akakohoa. Akasema kwa upole kabisa, "Samahani, hebu panua kidogo hapo katikati, hatusomi vizuri."

Wadau, nikapanua.

Kwa mkono wangu mwenyewe. Macho yakiwa kulia nikashika kitufe nikazungusha mausi, mia na hamsini, nikauliza hapo vipi, bosi akasema kidogo tena, mia mbili. Hapo vipi? Akasema hapo sawa. Halafu akasoma. Huyu mtu ana sauti ya kusomea taarifa ya habari. "Msiba. Shangazi. Siku mbili." Akanyamaza. Nikasikia moyo wangu umesogea. Shingo yangu ikaanza kugeuka kushoto, yenyewe, taratibu, kama feni ambayo umeme umekatika, na naapa kabla macho hayajafika nilikuwa nimeshajua. Akamalizia, "Shangazi kashatumika, asirudiwe."

Skrini yote ni shangazi. Mia mbili kwa mia, herufi kubwa. X-Pro3 inayonitesa hivi, skrini yake ya nyuma imegeukia ndani, mpaka uifungue kwenda chini ndio uone kitu, nje kuna kidirisha kidogo cha mraba tu, watu waliisema vibaya sana kwa hilo. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa ile kamera tangu siku ya kwanza na Jumanne saa nne na dakika kumi nikaelewa kwanini.

Sasa mtu mwingine angebonyeza kuacha kuonyesha skrini. Kitufe kipo, chekundu, kikubwa. Mimi akili ikaniambia ng'oa waya. Nikazama chini ya meza, hapa ndipo penye yale magoti, nikashika waya nikavuta kwa nguvu zangu zote. Waya wa chaji. Kompyuta ikahamia kwenye betri, mwanga ukapungua kidogo kiheshima, shangazi akabaki palepale. Nikainuka nikajigonga kichwa. Nikabonyeza vitufe vyovyote nilivyovikuta, nikaandika "jjjjjjkkk" ndani ya seli ya shangazi, nikapiga alama ya kufunga, na Excel ikaniuliza mbele ya watu 23 kama nataka kuhifadhi mabadiliko.

Nikabonyeza ndiyo. Sijui kwanini. Mazoea.

Kutoka kwenye spika sauti ya mama wa hesabu, kwa mshangao wa kweli sio kebehi, na ndio iliyoniuma kuliko zote: "Huyu shangazi si ndio tulimsainia kadi?"

Ndio. Waliisaini. Wote. Bosi aliandika sentensi tatu.

Yaliyofuata nayapitia haraka haraka. Kikao kiliahirishwa. Niliitwa, nilikaa, niliongea ukweli wote mpaka habari ya kiswichi, bosi akaniuliza maswali mawili kuhusu Leica halafu akaniandikia barua. Kiti kimerudishwa stoo, sasa nakalia cha plastiki na mgongo umeanza kuuma kweli. Nyumbani mke wangu alikuwa ameshaipata skrinshoti kabla sijafika, safu ya NYUMBANI ikiwa imeonekana vizuri, hakusema neno, alifungua tu droo akaanza kukung'uta soksi moja moja.

Na jana usiku simu ikaita. Shangazi.

Nikasema shikamoo shangazi. Akasema, "Marahaba. Marehemu naongea hapa." Nikaanza kujieleza akanikata, akasema yeye hana neno, anataka kujua vitu viwili tu, alikufa kwa ugonjwa gani na ile kadi iko wapi maana yeye ndiye mwenye kadi. Nimemtumia picha yake. Ameisoma, amesema bosi wako ameandika vizuri sana, watu wa siku hizi hawaandiki hivi mtu akiwa hai.

Leo asubuhi nimejaza fomu ya likizo kama watu wengine, siku moja, niiweke akiba kwa ajili ya uzinduzi utakaofuata. Kwenye nafasi ya sababu nimeandika "kamera". Imerudi imesainiwa, na chini yake kwa kalamu nyekundu: "Msalimie shangazi."

Na wewe wa dawati la jirani najua unasoma hapa. Nirudishie chaji yangu.