Tulimwita shujaa kwa sababu alinyamaza

Katika A Grain of Wheat, riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1967, kuna kijiji kizima kinachomtazama mtu mgonjwa na kumwona mtakatifu. Mugo ametoka kizuizini. Hatembelei mtu, salamu anaitikia kwa shida, anaishi peke yake kibandani. Watu wa Thabai wanasimuliana jinsi alivyopigwa kambini Rira bila kufungua mdomo, na kila anavyozidi kunyamaza ndivyo wanavyozidi kumpandisha. Mwisho wanamwendea wamwombe ahutubie siku ya Uhuru. Kumbe ndani mwake mna jambo linalomtafuna: yeye ndiye aliyemuuza Kihika, mpiganaji wa Mau Mau na shujaa wa kijiji hicho, kwa mzungu. Katika watu wote waliomsifu, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama analala usiku.

Wengi wetu tumezisoma riwaya za Ngũgĩ shuleni, na tulifundishwa kutafuta ardhi, usaliti na ukombozi. Vyote vimo, na mimi sivibezi. Lakini wanaume walioumia akili tuliwapita kama watu wa njiani, labda kwa sababu walifanana mno na wanaume wa nyumbani kwetu. Mimi nimekulia mahali ambapo walikuwepo wazee waliorudi kutoka vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na tangu utotoni nilijua kwamba kuna nyumba ambayo hamchezi karibu na dirisha lake, maana mzee hataki kelele. Hakuna aliyeeleza kwa nini hataki kelele. Ilikuwa ni tabia yake, basi.

Mtazame Boro wa Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ ya 1964. Amepigana Vita ya Pili ya Dunia upande wa Mwingereza, na ndugu yake Mwangi amefia huko huko vitani. Anarudi nyumbani hana kazi, na ardhi ya ukoo bado imo mikononi mwa Howlands, mlowezi wa Kiingereza. Anakunywa, anajitenga. Ya vitani hayasemi ila akilewa au hasira zikimpanda. Hasira zenyewe zinamwangukia baba yake, Ngotho, anayemwona alikaa tu akaiacha ardhi ichukuliwe. Baadaye akiwa msituni na Mau Mau, mwenzake anamuuliza wanapigania nini, naye anajibu kwamba uhuru ni ndoto tu, kilichobaki ni kuua kabla hujauawa. Shuleni jibu hilo tuliambiwa ni itikadi iliyopotoka. Mimi leo nalisoma kama maneno ya mtu ambaye sehemu yake moja haikurudi kutoka vitani, na siasa ya wakati ule ikampa tu mahali pa kuupeleka ugonjwa wake. Haki ya madai yake haifutiki kwa kusema hivyo. Mtu anaweza kuwa na haki na awe anaumwa.

Akina Boro walikuwepo kweli. Vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipelekwa hadi Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana ikishuka bonde la Kabaw, katikati ya mvua, matope na malaria. Februari mwaka huo huo meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi ikiwa imebeba askari wetu wa mizinga, na waliokufa walizidi 1,200. Walionusurika katika hayo yote walirudi vijijini wakaambiwa waendelee na maisha.

Madaktari wa akili walikuwepo Nairobi, tena wenye vyeo. Serikali ya kikoloni ilimwita mmoja wao, J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aandike ripoti kuhusu Mau Mau. Mwaka 1954 akaandika, na alichokiona ni kasoro katika akili ya Mkikuyu iliyotikiswa na mabadiliko. Yaani elimu ya akili ilipokuja kwetu ilikuja kuwaambia watu kwamba kudai ardhi yao ndiyo dalili ya maradhi, huku kambi za kizuizini zikiendelea kuzalisha wagonjwa wa kweli. Kwa hiyo mtu asinishangae nisipowalaumu wazee walioikimbia hospitali hiyo. Jina la Mathari kule Nairobi, kama la Milembe hapa Dodoma, mpaka leo ni tusi la watoto mitaani, na aibu ya namna hiyo ina chanzo chake.

Wala Waingereza wenyewe hawakuwa wema kwa wanaume wao. Mwaka 1925 Virginia Woolf alitoa Mrs Dalloway, na humo yumo Septimus Warren Smith, kijana aliyerudi kutoka Vita ya Kwanza. Rafiki yake Evans ameuawa Italia vita ikiwa karibu kwisha, na Septimus anajipongeza kwamba hakuhisi kitu. Hapo ndipo ninaposimama kila nikikisoma kitabu hiki. Anajipongeza! Amefaulu mtihani wa uanaume. Kisha miaka inapita, London imetulia, na Evans anaanza kumtokea bustanini. Dokta Holmes anamwambia mkewe kwamba mumewe hana ugonjwa wowote, ajishughulishe na mambo mengine. Daktari bingwa, Sir William Bradshaw, anaona kweli kuna ugonjwa, lakini dawa yake ni kumtenga na mkewe, na anaeleza kwamba ni suala la sheria, kwa kuwa mgonjwa ametishia kujiua. Holmes anapopanda ngazi kumfuata, Septimus anajirusha dirishani. Neno la kwanza linalomtoka daktari ni kumwita mwoga.

Uingereza iliacha kuwashtaki watu waliojaribu kujiua mwaka 1961. Sisi tuliachiwa sheria hiyo tukaendelea nayo. Kenya, ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha katiba. Hapa Tanzania bado ni kosa la jinai. Fikiria askari aliyelemewa, anayetafakari kama amwambie mtu kwamba amechoka kuishi, halafu anakumbuka kuwa akijaribu akashindwa kuna kituo cha polisi.

Kuna mwanamume mmoja katika hadithi hizi ambaye namrudia kwa matumaini, naye ni Gikonyo, fundi seremala wa Thabai. Alikaa kizuizini miaka sita, na siku alipokiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau alisikia nyayo zake mwenyewe juu ya sakafu ya saruji. Nyayo hizo zinamfuata hadi nyumbani. Anamkuta mkewe Mumbi amezaa na Karanja, mwanakijiji aliyebaki akiutumikia ukoloni. Hafoki. Anafanya kile ambacho mamilioni ya wanaume wanakifanya na kusifiwa: anajitupa kazini. Anaamka kabla ya jogoo, ananunua mahindi na maharage, anauza, anatajirika, na ndani ya nyumba hasemi neno. Kisha siku moja kimya hicho kinapasuka juu ya mtoto asiye na hatia na juu ya shavu la Mumbi. Ndivyo kinavyopasuka siku zote, juu ya walio karibu. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu tukiwahurumia wanaume hawa huwa tunawasahau waliokula vipigo vya vita wasiyoipigana. Ugonjwa unaeleza kofi lile. Hauliondoi shavuni.

Hata hivyo Gikonyo alifanya jambo ambalo Boro hakulifanya. Usiku mmoja alikwenda kibandani kwa Mugo akamwambia kila kitu, mpaka zile nyayo. Na mwisho wa kitabu, akiwa hospitalini na mkono uliovunjika, anapotaka mambo yaishe haraka, Mumbi anakataa. Anamwambia yaliyopita kati yao si ya kufukiwa kwa sentensi moja. Lazima wakae wafunguliane mioyo, wayatazame, ndipo wapange.

Askari wa Kenya wako Somalia tangu Oktoba 2011. Wa Tanzania walianza kupigana mashariki ya Kongo 2013. Waliokufa El Adde kule Somalia Januari 2016 na Semuliki kule Kongo Desemba 2017 walililiwa na mataifa yao, kama ilivyostahili. Waliotoka wazima katika mapigano hayo sasa ni baba za watu, wako kwenye miji ya kambi za jeshi kama Nanyuki na Monduli, na wengine wamestaafu wanalinda mageti ya benki. Mwalimu wa fasihi unayesoma hapa, ukitunga mtihani muhula ujao, dhamira ya ardhi iache ipumzike kidogo. Waulize wanafunzi wako ni nani katika nyumba ya Ngotho angeweza kukaa na Boro akamsikiliza, katika sura ipi, na kwa nini hakukaa.