Ada ya maombi, chuo kwa chuo
Tangu 2017 mwombaji wa shahada Tanzania anaomba moja kwa moja kwa kila chuo, na ada ya maombi hairudishwi. Mdogo wangu kaomba vyuo vitatu. Fomu zote zinauliza yaleyale: namba ya mtihani wa kidato cha nne, ya kidato cha sita. Chuo kimoja tumelipa, mfumo unaandika "haijalipwa" mpaka usiku. Simu ya msaada inaita tu!

Halafu akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, athibitishe kimoja kwa msimbo unaotumwa kwenye simu, kabla dirisha halijafungwa. Mtoto wa kijijini aliyejaziwa fomu steshenari kwa namba ya mwenye duka ataupataje? Inaniuma sana. Matokeo NECTA, baraza la mitihani, wanayo, yavutwe huko, na ada itozwe mara moja.