Jasusi Sebuleni

Ilianza na king'ora. Nimekaa zangu natafuta namna ya kupunguza ukubwa wa picha, mara skrini nzima ikawa nyekundu na kompyuta ikalia kama gari la zimamoto: ONYO! VIRUSI 347 VIMEPATIKANA KWENYE DISKI C! Kitufe kilikuwa kimoja tu, "Safisha Sasa". Mimi, mtu mzima na akili zangu, nikabofya.

Ikajipakia programu yenye nembo ya ngao. Ikakagua diski yote kwa sekunde nne (hapo tu ningeshtuka, maana mna picha za harusi za ukoo mzima), ikasema virusi sasa ni 412 na kuviondoa ni kwa kulipia. Sikulipa. Si kwa ujanja, ni kwa ubahili. Badala yake nikapakua antivirusi ya bure. Kisha nikawaza, mlinzi mmoja si atasinzia? Nikaongeza wa pili.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Faili likifunguliwa tu, huyu analidaka alikague. Yule akiona faili linapapaswa, naye analidaka. Nikawa nabofya barua, naenda kuoga, narudi, kiduara bado kinazunguka. Jioni mlinzi wa kwanza akatangaza kwa mbwembwe kwamba amenasa mhalifu hatari na kumtia karantini. Kutazama jina la folda, kumbe ni ya mwenzake! Amekamata faili lake la alama za kutambulia virusi. Ni sawa na kumfunga polisi kwa kukutwa na picha za wezi.

Na ile ngao ya mwanzo? Inapepesa tu pembeni, hakuna anayeigusa.

Nikaanza kusoma habari za programu za kijasusi, na hilo ndilo lililonimaliza. Kumbe zipo zinazorekodi kila herufi unayobonyeza, na nyingine huwasha kamera na maikrofoni bila wewe kujua. Nikabandika plasta kwenye kamera. Neno la siri nikawa naliandika huku nimefunika kibodi kwa taulo. Usiku nikampigia mpwa wangu.

"Shikamoo Mjomba. Mbona unanong'ona?"

"Marahaba. Jasusi yuko sebuleni, anasikia."

Asubuhi akaja. Kompyuta hata hakuigusa. Aliuliza anwani ya ule ukurasa, akaufungua kwenye simu yake. King'ora! VIRUSI 347 KWENYE DISKI C!

"Mjomba, simu ina diski C?"

Nikajifanya nakohoa.

Akanieleza kwamba ukurasa wa intaneti hauwezi kujipekulia diski ya mtu hivihivi. Ile ilikuwa picha tu iliyochorwa ifanane na ukaguzi. Uchafu wa kweli niliuingiza mimi, kwa kidole changu. Akaiwasha mashine katika hali salama, ile inayopakia vitu vya lazima tu, akaing'oa ngao, akamfukuza mlinzi mmoja, aliyebaki akamsasisha na kumwamuru akague upya. Safari hii ukaguzi ulichukua saa mbili na nusu.

Wakati tunasubiri akaiona plasta. "Na hii?"

"Kamera, baba. Nimeiziba."

Akaibandua. Chini yake kikawaka kitaa cha kijani.

"Mjomba, hii ni taa ya umeme. Skrini hii haina kamera."

Na mimi siku tatu nzima, kila nikipita sebuleni, navaa shati la kola.