Nikiuliza, Nimekuwa Mzungu?

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, mzee wa Kiingereza, kwenda kumwona mkewe aliyelazwa hapa Leicester, Uingereza. Bibi alikuwa akihema kwa shida, na nesi wa zamu alikuwa ameshasema hamna neno. Mzee hakubishana naye. Alitoa simu, akapiga namba iliyobandikwa ukutani kando ya kitanda, na haikupita muda wakaja watu wengine kabisa, wa upande wa wagonjwa mahututi, wakampima upya. Yule nesi aliwapisha, akawapa na faili. Hakununa. Mimi hilo la kutonuna ndilo lililoninyima usingizi.

Utaratibu huo wanauita Kanuni ya Martha. Martha alikuwa mtoto wa miaka 13, akafa London mwaka 2021. Alianguka na baiskeli, kongosho likaumia, maambukizi yakamwingia damuni, na wazazi wake walisema mpaka wakachoka kwamba mtoto anazidiwa. Hawakusikilizwa. Mama yake hakunyamaza baada ya maziko, na kuanzia 2024 hospitali za England zikaanza kuweka namba ambayo mgonjwa au jamaa yake anaipiga usiku na mchana ili timu nyingine ije kuangalia. Kwa hiyo msinisome kama nawapamba wazungu. Jambo hili wamefundishwa na jeneza, tena juzijuzi tu.

Kinachonichoma ni kwamba Kenya tulitangulia kuandika. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unampa mgonjwa haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Huku Uingereza maoni ya daktari wa pili hata si haki ya kisheria, ni desturi tu kwamba ukiomba ni nadra kukataliwa. Karatasi yetu ni nzuri kuliko yao! Sasa itaje karatasi hiyo wodini Lamu saa nane za usiku, uone utakavyoangaliwa.

Ami yangu alilazwa na maumivu ya tumbo. Hospitali siitaji. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa. Kesho yake tumbo lilikuwa gumu kama ubao na hataki hata shuka limguse. Binamu yangu akauliza, kwa adabu zote alizofunzwa na mamake, kama haingekuwa bora apelekwe Mombasa. Akajibiwa, "Kwani wewe ndiye daktari?" Akarudi kukaa. Nikapiga simu kutoka huku, nesi akaniambia nisubiri daktari apite. Daktari akapita, akasema tuendelee kungoja. Nikapiga tena, na hapo ndipo shangazi akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, basi. Utafanya wamchukie mgonjwa."

Hofu hiyo kila mtu wa kwetu anaijua. Ukiuliza sana, dripu itachelewa kubadilishwa na mgonjwa wako atalipia ulimi wako.

Ami alitoka kwa sababu ndugu wa mke wa binamu yangu anajuana na mtu kaunti. Simu moja tu, na barua ya rufaa ikaandikwa. Safari yenyewe sina haja ya kuwasimulia: boti kutoka kisiwani mpaka Mokowe, upande wa bara, mafuta ya ambulensi, Witu, Garsen, na nyinyi mnajua barabara ile usiku ina mambo gani. Na huyo ni mtu wa Amu mjini, yaani Lamu yenyewe. Wa Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, kwanza angoje maji yajae Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, ndipo afike hapo tulipoanzia.

Mombasa wakampasua. Kidonda kilikuwa kimetoboa. Daktari akatoka, akamuuliza binamu yangu, "Mbona mmemchelewesha hivi?" Na binamu yangu, aliyekuwa ameomba tangu mwanzo, akajibu, "Samahani, daktari."

Samahani! Yeye!

Najua mtakachosema. Kwamba nimeenda kula baridi nikasahau nilikotoka. Sikusahau. Usiku ule nahodha alikataa kupokea hata senti, na vijana wa mtaani wakabeba machela mpaka gatini bila kuitwa na mtu. Ami hakukosa uji wala mtu wa kumsomea Yasin. Hapa Leicester nimeona ambulensi zimepanga foleni nje ya hospitali na wagonjwa ndani yake, na wazee wanaokaa wodini siku nzima bila mgeni. Kwa watu, sibadilishi.

Mwingine atasema: daktari wa kwanza hatoshi, wewe unataka wa pili? Njoo basi ujenge chumba cha mahututi. Haya. Lakini mimi sikuomba mashine. Daktari wa upasuaji yuko Mombasa na simu anayo. Kumweleza kwamba kuna mzee, tumbo limekaza na homa inapanda, ni maongezi ya dakika tano. Tena uhaba ndio unaonipa nguvu ya kusema: palipo na bahari na barabara ile katikati, ndipo uamuzi wa kumhamisha mtu unapotakiwa kufanywa mapema. Na wale madaktari wetu, wengine vijana wadogo wanaokesha peke yao na wodi nzima, wao pia wangepumua kama kungekuwa na mtu wa kumuuliza bila kuonekana hawajui kazi.

Mwenye kunipinga zaidi ya nyote ni ami mwenyewe. Amepona, yuko barazani na kahawa yake, na anashikilia kwamba yule daktari wa kwanza ni kijana mstaarabu, mtoto wa watu, na kwamba mimi nilimsumbua kwa simu. Ananitaka nimpigie nimwombe radhi. Nimemwambia sitampigia, na Ijumaa hii najua ataniuliza tena.