Diski nyepesi za STI: kabla hujatoa hela, uliza kilo zimetolewa wapi

Wadau wa Subaru mtanisamehe, ila hii habari ya diski nyepesi imeanza kunichosha. Mtu ana STI yake ya GDB (ile Impreza ya spidi ya Subaru, GDB ni kodi ya bodi yake), rimu kashabadilisha, egzosi mtaa mzima unajua karudi saa ngapi, sasa hela iliyobaki anataka aiweke kwenye diski za breki na swali lake ni moja tu, zina kilo ngapi? Mimi nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni hizo kilo zimetolewa sehemu gani ya diski, maana kuna sehemu ukitoa uzito unapata faida ya bure, na kuna sehemu ukitoa umezipunguza breki zenyewe, na kwa picha tu huwezi kujua ni ipi.

Diski hata kama imemiminwa chuma kimoja ina sehemu mbili. Kuna pete, pale pedi zinapobana, na kuna kofia ya katikati inayokaa kwenye habu. Kofia kazi yake ni kushikilia tu. Pete ndo inabeba moto wote, na breki kwa kweli hazina kazi nyingine zaidi ya kugeuza mwendo wa gari kuwa moto halafu kuutupa hewani.

Tupige hesabu kidogo, siyo ngumu. Gari ya kilo 1500 na dereva ndani ikiwa 100 kwa saa ina nishati kama kilojuli 580. Ukisimama ghafla, kama asilimia 70 inaenda kwenye breki za mbele, kwa hiyo kila diski ya mbele inakula kama 200. GDB yenye breki za Brembo ina diski za mbele za milimita 326 kwa 30, na pete ya ukubwa huo inacheza kwenye kilo 7 hivi. Pete ya kilo 7 kwa moto huo inapanda kama digrii 63 kwa kusimama mara moja. Ikatwe ibaki kilo 6, inapanda 73. Utasema digrii 10 ni nini bwana, sawa, ila ukisimama hivyo mara 5 mfululizo bila kuipa nafasi ya kupoa tofauti imefika 50, na hapo tayari uko kwenye joto ambalo pedi za kawaida zinaanza kuteleza. Ni sufuria nyembamba na karai zito, weka vyote jikoni uone kipi kinawahi kuungua.

Kwa hiyo mtu akikuuzia diski nyepesi kwa sababu pete imekuwa nyembamba, au mbavu za ndani, zile zinazopitisha hewa katikati ya pete, zimepunguzwa, au imetobolewa matundu kila mahali, anakuuzia uwezo mdogo wa kubeba moto, na anakuchaji zaidi kwa kukupunguzia.

Ile ya maana ni ya vipande viwili. Pete ya chuma, kofia ya aluminiamu, vimeunganishwa kwa bolti au vifungo vinavyoruhusu pete itanuke ikipata moto bila kujikunja. Aluminiamu uzito wake ni kama theluthi moja na kidogo tu ya chuma, kwa hiyo kwa diski ya saizi ya STI unapunguza kama kilo moja na nusu mpaka mbili kila tairi la mbele, na pete hujaigusa. Hiyo ndo faida ya bure niliyosema. Nissan waliiweka hiyo kitu kwenye GT-R R35 toka kiwandani mwaka 2007, diski za mbele milimita 380 za vipande viwili, kwa sababu pete kubwa hivyo yenye kofia ya chuma ingekuwa mzigo.

Ila tusidanganyane kuhusu hiyo faida. Nimesikia watu wanasema ukitoa kilo moja kwenye kitu kinachozunguka ni sawa na kutoa kilo 4 au 5 kwenye bodi, sijui nani alianzisha hii. Kofia iko karibu kabisa na katikati, kama sentimita 7 au 8, wakati tairi la 225/45R17 lina karibu sentimita 32 kutoka katikati mpaka lami. Ukipiga hesabu ya mzunguko, kilo 1 ya kwenye kofia gari inaihisi kama kilo 1 na gramu 60 hivi wakati wa kuondoka, basi. Kilo 1 ya pale tairi linapogusa lami inaihisi karibu kilo 2. Kwa hiyo kama unachotafuta ni gari iamke, hela hiyo peleka kwenye rimu na tairi nyepesi. Diski nyepesi zinasaidia shokapu, kwa sababu uzito ambao springi haziubebi ukipungua, tairi linafuata barabara vizuri zaidi hasa kwenye lami yenye mawimbimawimbi kama ya kwetu, na hiyo utaihisi kweli ila kidogo. Anayesema gari yake imekuwa nyingine kabisa kwa sababu ya diski, muulize kama hakubadilisha na pedi siku hiyohiyo.

Matundu sasa. Haya yanapendeza, nakubali, gari ikiwa imepaki yanaonekana nyuma ya rimu yenye miguu mitano myembamba, inavutia. Yalikuwa na sababu zamani, pedi za enzi hizo zikipata moto zilitoa gesi na gesi ilihitaji pa kutokea. Pedi za leo hazina shida hiyo kwa kiasi hicho, halafu kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Chukua diski iliyotobolewa ambayo imekimbizwa kweli, isogeze kwenye mwanga uangalie ukingo wa matundu, utaona vinyufa vyembamba kama unywele vinatoka tundu moja kuelekea lingine. Mifereji, ile mistari inayochongwa kwenye uso wa pete, haina ubaya huo, inafuta vumbi na uso wa pedi ulioungua, inakula pedi kidogo zaidi, mimi hiyo naikubali. Ila hata mifereji siyo lazima, pete isiyo na urembo wowote inafanya kazi.

Kuna wenye ndoto ya diski za keramiki pia. Porsche walianza kuziuza kwenye 911 mwaka 2001 na uzito wake ni kama nusu ya chuma, na huko hazipunguzi kitu, zinavumilia moto kuliko chuma. Lakini hata Ulaya wenye 911 GT3 wanaokimbiza mara kwa mara kwenye viwanja vya mbio wengi wanazitoa, wanazifungia stoo na kuweka za chuma, kwa sababu bei ya kubadilisha seti moja inatia uchungu. Kama wao wanahesabu hela, sisi tunaonunua spea Gerezani, Dar, tukae kwa kutulia.

Turudi nyumbani maana barabara zetu zina maswali yake. Hatuna kiwanja cha lami cha kukimbiza gari jumapili, kwa hiyo sehemu breki zako zitateseka kweli ni mteremko, na ukitoka Iringa kurudi Dar mteremko wenyewe ni Kitonga. Kila mita 100 unayoshuka, gari ya kilo 1500 inaachia nishati sawa na kusimama mara mbili na nusu kutoka 100. Na pale hausimami, unabana muda mrefu nyuma ya lori lenye kontena, kwa hiyo uzito wa pete hausaidii sana tena, ikishajaa moto imejaa, kinachokuokoa ni hewa inayopita katikati ya mbavu na gia. Shuka na gia ya pili au ya tatu acha injini ishike, hiyo haina gharama. Na oili ya breki! DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia digrii 230, ikishanyonya maji ya hewani kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, na kwa joto hili la Dar na unyevu wake oili inanyonya haswa. Mtu ana diski za mamilioni na oili nyeusi ya toka gari imeshuka bandarini, halafu pedo ikienda mpaka chini analaumu diski.

Kingine ni vumbi. Zile za vipande viwili ambazo vifungo vyake vinacheza, ukipita barabara ya vumbi kila wiki mchanga unaingia mle na baada ya muda utasikia zinagonga kila ukipita tuta. Kwa gari ya matumizi ya kila siku tafuta ambazo zimefungwa kwa bolti bila kucheza. Uzuri mwingine wa vipande viwili, pete ikiisha unanunua pete tu kofia inabaki, ila hakikisha kabla ya kununua kwamba pete zinauzwa pekee yake na kuna mtu wa kukusafirishia, la sivyo uzuri huo unabaki kwenye katalogi.

Ukifika dukani nenda na mzani wa kupimia mabegi, ni mdogo unaingia mfukoni. Pima diski yako ya zamani, pima mpya. Kama mpya ni ya kipande kimoja, saizi ileile, na imepungua kilo nzima, chuma kimetoka kwenye pete, hamna uchawi. Angalia ukingoni au kwenye kofia pameandikwa MIN TH na namba ya milimita, huo ndo unene wa mwisho, na diski isiyo na maandishi hayo mimi siigusi hata boksi liwe na jina gani. Hesabu na nati vizuri, GDB za mwanzo ni 5x100 (nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100) na kuanzia modeli ya 2005 STI ni 5x114.3, watu wameagiza kutoka Japani zikafika zikagoma kuingia.

Na nyuma ziache za chuma kizima. Handbreki ya Subaru inabana kwa ndani ya kofia ya diski ya nyuma, viatu vyake vinasugua pale, kwa hiyo kofia ya aluminiamu lazima iwe na ringi ya chuma ndani na wengine wanaotengeneza za bei rahisi hawaiweki. Diski za nyuma zina moto mdogo, kilo utakayotoa ni ndogo, hela hiyo nunua pedi nzuri za mbele na lita moja ya oili mpya.